Kuovakloki Kompyuta ya Nyumbani Bila Kuiunguza: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Kuovakloki ni kuipa prosesa, RAM au kadi ya picha kasi kuliko ile ya kiwandani. Kasi peke yake haiui prosesa. Ukiipa kasi isiyoiweza huku volteji ikiwa ya kawaida, itaganda, itatoa skrini ya bluu au itajizima na kuwaka tena. Ukirudisha namba za zamani, inaendelea na kazi kama vile hakuna kilichotokea. Ukiipa volteji iliyozidi, siku hiyo huoni dalili yoyote. Kompyuta inawaka, michezo inakimbia, alama zinapanda, na huku ndani ya chipu nyaya nyembamba zinaliwa polepole na mkondo wa umeme uliochanganyika na joto. Baada ya miezi, mashine iliyokuwa imara inaanza kuyumba kwa namba zilezile ilizokuwa ikizibeba. Kwa hiyo kasi ijaribu bila woga, lakini volteji ipandishe kwa vipimo vidogo, na kikomo chake kiandike kabla hujagusa chochote.

Hesabu mbili za kujua kwanza

Kasi ya prosesa ni zao la namba mbili: saa ya msingi, ambayo karibu kila ubao mama wa sasa huiweka MHz 100, na kizidishi. Kizidishi 45 kinakupa GHz 4.5, na 48 kinakupa GHz 4.8. Wewe utagusa kizidishi tu. Saa ya msingi iache ilivyo, kwa sababu ikipanda inaiburuta RAM, na kwenye mbao nyingi inaburuta pia njia za PCIe na diski. Ongezeko dogo hapo linaweza kuharibu mafaili na usijue kosa limetokea wapi.

Hesabu ya pili ni ya joto. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volteji hupanda kwa mraba wake. Chukua prosesa ya GHz 4.5 inayotumia volti 1.20, uipeleke GHz 4.8 kwa volti 1.35. Kasi imeongezeka kwa chini ya asilimia 7, na joto la kuondoa limeongezeka kwa takriban asilimia 35. Anayeielewa hesabu hii hapotezi wiki nzima akikimbizana na MHz 100 za mwisho.

Je, mashine yako inakubali?

Kwa Intel, tafuta herufi K mwishoni mwa jina la prosesa: i5-12600K, i7-13700KF na nyingine za aina hiyo. Zisizo na K kizidishi chake hakipandi. Ubao mama nao lazima uwe na chipseti ya familia ya Z, kama Z690 au Z790. Prosesa ya K ikikaa kwenye B660, RAM utaweza kuiongeza kasi lakini kizidishi kitagoma.

Kwa AMD, karibu Ryzen zote za kompyuta ya mezani ziko wazi, na chipseti za B na X zinaruhusu: B450, B550, X570, B650, X670. Za A, kama A320 na A520, haziruhusu kuovakloki prosesa. Zenye alama ya X3D ziangalie moja moja. Ya 5800X3D ina kizidishi kilichofungwa, 7800X3D inakuruhusu kucheza na mkunjo wa volteji (volteji inayopewa kila kasi) bila kizidishi, na 9800X3D iko wazi kabisa.

Laptopu iache. Kipoza chake kimepimwa kwa joto la kiwandani na hakina akiba. Kompyuta za mezani zinazouzwa zikiwa zimeshaunganishwa nazo mara nyingi hazina hata ukurasa wa mipangilio hii kwenye BIOS, yaani menyu ya mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka.

Jambo la waranti lisemwe mapema. Intel na AMD zote zinaeleza kwamba kuendesha prosesa nje ya vipimo vyao kunaweza kukupotezea waranti. AMD inajumuisha hata vipengele ilivyoviweka yenyewe, kama PBO na EXPO, ambavyo tutavikuta mbele. Kama kupoteza prosesa kutakuumiza sana, ishia kwenye kusafisha na kupoza, chini ya "Maandalizi". Hapo pia kuna kasi ya kuokota.

Maandalizi

Pawa saplai ndiyo kiungo kinachodharauliwa zaidi. Jumlisha wati za prosesa ikiwa kwenye mzigo mzito, wati za kadi ya picha ikiwa kwenye mchezo, na wati 100 za vingine vyote. Jumla hiyo isizidi takriban robo tatu ya namba iliyoandikwa kwenye pawa saplai. Ikiwa ni ya bei chee isiyo na jina, usiovakloki kitu chochote mpaka uibadilishe, na usiifungue kamwe: kapasita zake hubaki na umeme wa kuua hata ikiwa imechomolewa ukutani.

Kipoza kidogo kinachokuja kwenye boksi la prosesa hakina nafasi ya kazi hii. Kwa prosesa ya kati, kipoza cha mnara chenye feni ya milimita 120 kinatosha. Kwa zile kubwa za Intel na AMD, tafuta mnara wa feni mbili au kipoza cha maji chenye redieta ya milimita 240 kwenda juu. Puliza vumbi kwenye mapezi na kwenye vichujio vya kesi, ukizishika feni zisizunguke wakati unapuliza. Pesti ya joto ikiwa imekauka, ifute kwa kitambaa kilicholowa spiriti, weka tone la ukubwa wa njegere katikati ya prosesa, kisha kaza skrubu za kipoza kwa kupishana pembe ili kikalie sawa.

Kabla ya kuingia BIOS, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, maana kuganda katikati ya kuandika diski kunaweza kuharibu mafaili na hata Windows yenyewe. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya data ya Windows, andika ufunguo wake wa kurejesha mahali palipo nje ya kompyuta hiyo. Kusasisha au kufuta mipangilio ya BIOS mara nyingi hufanya Windows iudai ufunguo huo inapowaka, na asiyekuwa nao amefungiwa nje ya data yake.

Sasisha BIOS kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji wa ubao. Hatua hii si ya kuruka. Mwaka 2023, Ryzen 7000 kadhaa, hasa za X3D, ziliungua kwenye soketi, na volteji ya SoC (sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha RAM) iliyopandishwa mno na mbao mama ikawa miongoni mwa sababu. AMD ikatoa toleo linaloifungia isizidi volti 1.30. Mwaka 2024 zikaja Core za Intel za kizazi cha 13 na 14, ambazo zilikuwa zikichakaa kwa sababu ya volteji iliyoinuka kupita kiasi. Marekebisho ya Intel, mikrokodi (maagizo ya ndani ya prosesa) 0x129, yalitoka Agosti mwaka huo na kufuatiwa na mengine. Anayeovakloki prosesa ya aina hizo kwa BIOS ya zamani anajenga juu ya msingi wenye ufa. Na kama yako ni ya kizazi cha 13 au 14 na imeshaanza kuyumba katika hali ya kawaida, sasisho halitaiponya. Idai waranti kwanza.

Programu za kuweka: HWiNFO64 ya kusoma joto, volteji na wati; Cinebench R23 ya kupima haraka; OCCT au Prime95 ya kubana; na MemTest86 kwenye flashi kwa ajili ya RAM. Zote zina toleo la bure.

Sasa chukua vipimo vya mwanzo, mipangilio ikiwa ya kiwandani. Fungua HWiNFO64, endesha Cinebench R23 kwa dakika 10 kwa kutumia koo zote (vitengo vya kazi vilivyo ndani ya prosesa), kisha andika alama, joto la juu kabisa, volteji ikiwa kwenye mzigo, wati, na kasi ambayo koo zote zilishikilia. Joto kwa Intel lisome kwenye "CPU Package", na kwa AMD kwenye "CPU (Tctl/Tdie)". Ikiwa tayari linavuka nyuzi 85, rudi kwenye kipoza. Ryzen 7000 zisizo za X3D zina utaratibu wao: zimetengenezwa zipande mpaka nyuzi 95 zikipewa nafasi, na hapo kinachokupa habari ni kasi na wati.

RAM kwanza, kwa sababu ndiyo faida rahisi

Watu wengi wamenunua RAM ya kasi na inakimbia polepole bila wao kujua. DDR4 huwaka ikiwa MT/s (milioni za uhamisho wa data kwa sekunde) 2133 au 2400, na DDR5 nyingi huwaka kwa 4800, hata kama boksi linasema 3600 au 6000. Kasi ya boksi inakuja ukiwasha wasifu uliohifadhiwa ndani yake: XMP, au EXPO kwa DDR5 zilizotengenezwa kwa ajili ya AMD. Hakikisha RAM mbili zimekaa kwenye nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, ingia BIOS, washa wasifu, hifadhi. Kuwaka kwa mara ya kwanza baada ya hapo kunaweza kuchukua dakika kadhaa kwenye DDR5 huku skrini ikiwa nyeusi. Subiri, usiizime.

Kwa Ryzen 5000, DDR4 ya 3600 ndiyo chaguo la kati lisilo na usumbufu. Kwa Ryzen 7000, DDR5 ya 6000. Kukimbilia juu zaidi mara nyingi kunailazimisha prosesa kupunguza mwendo wa kidhibiti cha RAM, na unaishia kulipia namba kubwa inayofanya kazi ndogo. Baada ya kuwasha EXPO, tazama volteji ya SoC kwenye HWiNFO64 uone kwamba haivuki 1.30.

Kisha ipime kwa MemTest86 mpaka imalize mizunguko yake minne. Kosa moja tu ni kosa. Usijiambie kwamba moja si neno, kwa sababu RAM inayokosea huandika takataka ndani ya picha na hati zako bila kukupa onyo, na utakuja kugundua siku unayozihitaji. Ikikosea, shusha kasi ngazi moja, mfano kutoka 3600 kwenda 3466, na upime upya. Ikishapita, zima wasifu kwa muda ili RAM irudi kwenye kasi ya kiwandani. Wakati unatafuta kikomo cha prosesa, hutaki washukiwa wawili.

Prosesa ya Intel, hatua kwa hatua

1. Ingia BIOS kwa kubonyeza Del au F2 kompyuta inapowaka, kisha nenda ukurasa wa kina. Kwenye ASUS na MSI ni F7.

2. Zima kila kitufe cha kuovakloki chenyewe. Vitufe hivyo hupenda kumwaga volteji nyingi ili mtumiaji asilalamike kuganda. Tazama pia mipaka ya umeme, PL1 na PL2: mbao nyingi huiacha kwenye namba za ajabu kama wati 4096, maana yake hakuna mpaka. Weka ya Intel yenyewe, mfano wati 253 kwa i9-13900K, uwe na breki wakati unajaribu. Ukiona kwenye HWiNFO64 kwamba kasi inashuka kwa sababu ya mpaka huo, ni kipoza ndicho cha kukuambia kama unaweza kuusogeza.

3. Weka kizidishi cha koo kubwa (P-core) zote kiwe kimoja, ngazi moja juu ya kasi uliyoiona kwenye vipimo vya mwanzo. Kama zilishikilia GHz 4.5, andika 46. Koo ndogo (E-core) ziache. Mchango wake kwenye matumizi ya kawaida ni mdogo, na joto lake linaingia kwenye hesabu ileile.

4. Volteji ya koo iweke ya kudumu wakati wa kutafuta, kuanzia ile uliyoisoma kwenye mzigo, tuseme 1.20. Kikomo cha matumizi ya kila siku kwa Core za kizazi cha 12 ukiwa na kipoza kizuri ni volti 1.35, na anayeanza afikirie 1.30 kuwa ndiyo dari lake. Andika tarakimu polepole. Tofauti ya 1.25 na 1.52 ni vidole viwili kupishana, na ya pili ni ya kuulia prosesa. Mbao nyingi, ukibonyeza F10, huonyesha orodha ya vilivyobadilika kabla ya kuhifadhi. Isome mstari kwa mstari.

5. Rekebisha "Load-Line Calibration". Prosesa inapobeba mzigo, volteji hushuka kidogo, na kipengele hiki huamua ishuke kiasi gani. Chagua ngazi ya katikati. Ngazi ya juu kabisa huishikilia volteji isishuke, lakini mzigo unapoachiwa ghafla inaruka juu ya uliyoandika kwa muda mfupi mno, ambao programu haiwezi kuuona. Angalia kitabu cha ubao wako kabla ya kuchagua: kwa ASUS ngazi ya 1 ndiyo dhaifu, kwa MSI ya 1 ndiyo kali.

6. Hifadhi, ingia Windows, fungua HWiNFO64, endesha Cinebench R23 kwa dakika 10. Ikipita na joto liko chini ya nyuzi 85, ongeza kizidishi kwa 1. Ikianguka, ongeza volteji kwa 0.02 na urudie. Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Ukibadilisha viwili ikaanguka, hujui kipi cha kulaumu. Ikipita pia hujui kipi kimesaidia.

Daftari lako litafanana na hili:

46, volti 1.20: imepita, nyuzi 74
47, volti 1.20: imepita, nyuzi 76
48, volti 1.20: imeganda dakika ya 3
48, volti 1.22: Cinebench imejifunga dakika ya 8
48, volti 1.24: imepita, nyuzi 81
49, volti 1.24: skrini ya bluu kabla Windows haijamaliza kuwaka
49, volti 1.26 na 1.28: imeganda
49, volti 1.30: imepita, nyuzi 91

Linganisha mistari iliyopita ya 47, 48 na 49. Kutoka 47 kwenda 48 kumegharimu volti 0.04 na nyuzi 5. Kutoka 48 kwenda 49 kumegharimu volti 0.06 na nyuzi 10, kwa ongezeko la asilimia 2 ambalo hakuna mchezo utakaokuonyesha. Mashine hii makazi yake ni 48. Ongeza 0.01 ya akiba, iwe 1.25, na uache hapo. Anayependa ukimya wa feni akae 47 kwa volti 1.20 na hatakuwa amekosea.

7. Sasa ibane kweli. OCCT kwa saa moja, au Prime95 kwenye "Small FFTs" kwa nusu saa. Prime95 inachemsha kuliko kazi yoyote ya kawaida, kwa hiyo kaa karibu dakika tano za mwanzo, na ukiona nyuzi 95 isimamishe. Ikikosea haigandi lazima. Inaweza kuandika "FATAL ERROR: Rounding was 0.5, expected less than 0.4" na kusimamisha koo moja huku nyingine zikiendelea. Ujumbe huo maana yake prosesa imekosea hesabu. Ongeza 0.01 au shusha kizidishi.

8. Ikishapita, badilisha volteji kutoka ya kudumu kwenda aina ya "Adaptive" yenye namba ileile, ili ishuke kompyuta inapopumzika. Rudia kipimo cha Cinebench na usome volteji upya, maana baadhi ya mbao huongeza kidogo katika aina hii. Kisha rudisha XMP na uendeshe jaribio la saa moja tena, vyote viwili vikiwa vimewashwa.

Ryzen inataka njia nyingine

Kuweka kizidishi kimoja kwa koo zote kwenye Ryzen za sasa mara nyingi ni hasara. Prosesa hizi hujipandisha zenyewe: koo moja ikifanya kazi peke yake inaruka juu sana, na zote zikifanya kazi zinashuka. Ryzen 5 5600X hufika GHz 4.6 kwa koo moja bila kuguswa. Ukiifunga GHz 4.5 kwa koo zote, umeongeza kidogo kwenye kazi nzito na kupoteza kwenye michezo, halafu umeipa volteji isiyopumzika.

Tumia PBO na "Curve Optimizer". PBO inalegeza mipaka mitatu ya umeme: PPT kwa wati, TDC na EDC kwa ampea. Kwa 5600X ni 76, 60 na 90. Kwa zile za wati 105 za soketi ya AM4 ni 142, 95 na 140. Kama kipoza chako ni cha kati, iache mipaka hiyo ilivyo na uhangaike na mkunjo tu. Curve Optimizer hupunguza volteji katika kila kasi, na prosesa inayokaa baridi hujipandisha zaidi bila kuombwa. Unapata kasi kwa kupunguza volteji, na ndiyo sababu anayeanza kwenye Ryzen ana bahati.

Ingia kwenye menyu ya PBO, chagua "All Cores", "Negative", kisha 10. Kila ngazi ni takriban milivolti 3 mpaka 5. Pima Cinebench na ulinganishe alama. Zikipanda, nenda 15, halafu 20. Mwisho wa menyu kwenye mbao nyingi ni 30, na ni wachache wanaofika huko kwa koo zote.

Mtego wake uko hapa: mkunjo uliozidi hauanguki kwenye mzigo mzito. Unaanguka kompyuta ikiwa imetulia, umefungua kivinjari au umeiacha ikipakua kitu, na inajiwasha upya bila ujumbe, kwa sababu ndipo koo moja inaporuka kwenye kasi ya juu kabisa kwa volteji iliyopunguzwa. Cinebench ya koo zote haitauona ugonjwa huo. Tumia CoreCycler, inayojaribu koo moja baada ya nyingine, na iache usiku kucha. Itakuambia koo gani imeshindwa. Hiyo moja ipunguzie, mfano kutoka 20 kwenda 12, na nyingine ziache.

Kadi ya picha

Hapa hatari ni ndogo, kwa kuwa kadi yenyewe ina kufuli za volteji, na kwa mcheza michezo faida ni kubwa kuliko kwenye prosesa. Weka MSI Afterburner, ambayo hufanya kazi na kadi za kampuni nyingine pia. Sukuma mpaka wa umeme mpaka mwisho wake, panga feni zianze kukimbia mapema, kisha ongeza kasi ya koo kwa MHz 50. Endesha Unigine Superposition au 3DMark. Kutoka hapo panda kwa MHz 15 kila mara mpaka uone vitone vya rangi, pembetatu zinazorukaruka, au mchezo ujifunge na draiva kujiwasha upya. Rudi nyuma MHz 30.

Memori ya kadi panda kwa MHz 100, na usitazame kuganda peke yake. Kadi nyingi za sasa hugundua kosa la memori na kuirudia data hiyo kimyakimya, kwa hiyo picha inaonekana safi huku alama zikishuka. Mahali alama zinapoanza kushuka ndipo umevuka, hata kama hakuna kilichoganda. Usiweke tiki ya kuanza na Windows mpaka mipangilio imepita siku kadhaa za michezo yako halisi, la sivyo kadi ikiyumba itayumba kila unapowasha kompyuta.

Ikigoma kuwaka

Skrini nyeusi baada ya kuhifadhi BIOS ni jambo la kawaida. Subiri kwanza: mbao nyingi hujaribu mara mbili tatu, kisha huwaka kwa mipangilio salama na ujumbe wa kuovakloki kushindwa. Isipowaka, zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10 kumaliza umeme uliobaki. Kisha gusanisha kwa bisibisi pini mbili zilizoandikwa CLR_CMOS au CLRTC kwa sekunde kama 10, au toa betri ya CR2032 kwa dakika 5. Rudisha, washa. Umerudi kiwandani, na ndiyo maana namba zako ziko kwenye daftari.

Kusoma makosa

Skrini ya bluu inayoandika WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR au CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT, mara nyingi koo zimekosa volteji. MEMORY_MANAGEMENT na IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL huelekeza kwenye RAM, japo draiva mbovu nayo huyatoa. Kompyuta ikizima ghafla kama umeme umekatika, wakati wa mzigo tu, shuku pawa saplai au joto. Kasi ikishuka bila kosa lolote, angalia kwenye HWiNFO64 mstari wa "Thermal Throttling".

Fungua pia Event Viewer ya Windows, sehemu ya "System", utafute WHEA-Logger. Haya kwa kawaida ni makosa ambayo prosesa imeyakamata na kuyarekebisha yenyewe. Kompyuta inaonekana nzima, lakini orodha ikijaa, volteji haitoshi au RAM imesukumwa mno. Kernel-Power 41 isikusumbue kichwa: inasema tu kwamba mashine ilizima bila utaratibu, haisemi kwa nini.

Baada ya hapo

Piga picha kila ukurasa wa BIOS uliobadilisha kwa simu, kwa sababu kusasisha BIOS kwa kawaida hufuta kila kitu, na wasifu uliohifadhiwa kwenye toleo la zamani mara nyingi hausomeki kwenye jipya. Hali ya hewa ikipata joto kwa nyuzi 10, prosesa nayo itapanda kwa karibu kiasi hichohicho, kwa hiyo mipangilio iliyopimwa msimu wa baridi ikiwa nyuzi 84 ipime tena msimu wa joto. Safisha vichujio kila baada ya miezi michache. Na mashine iliyotulia kwa muda mrefu ikianza kuganda bila wewe kubadilisha kitu, anza na vumbi na pesti, halafu rudisha mipangilio ya kiwandani uone kama inatulia. Ikitulia, shusha kizidishi ngazi moja badala ya kuongeza volteji. Ikiendelea kuganda hata kiwandani, tafuta kwingine: RAM, diski au pawa saplai.